Kikapu cha Mama Mkubwa Kilicho Ukutani

Misunkumilo,
Mpanda, Katavi.
9 Septemba 2024.

Mpendwa mwanangu Emelyne,

Kosa wanalofanya wengi wanaonunua vitu vya kale ni kuvisafisha. Nimeliandika hili kabla ya salamu, jambo ambalo nisingemruhusu mwanafunzi wangu yeyote, kwa sababu nakujua: barua hii inakuja na basi pamoja na mzigo wako, na wewe utafungua mzigo kwanza. Tafadhali usisugue kitu mpaka umalize kusoma.

Sasa salamu. Hamjambo huko Dodoma? Mumeo Arcade mguu wake umepona? Na Cecilia, ameshaota meno ya mbele? Sisi huku tu wazima. Baba yako Libérat, mdogo wangu, alishuka kutoka Mwese juma lililopita kwa pikipiki, amejaa vumbi, anakohoa kidogo, lakini shamba lake la maharage limempa vizuri.

Uliniuliza mimi mwenyewe naendeleaje tangu Mama Mkubwa wako, Marta wangu, atutoke mwezi wa tatu. Sina la kukusimulia. Silii. Nakula ninachopewa, namwagilia mchicha, nasikiliza taarifa ya habari. Juzi binti yangu Odeta aliniuliza kama chai ina sukari ya kutosha. Nikachungulia kikombe, kilikuwa kimekwisha, na ladha siikumbuki. Watu wanasema itapita. Labda.

Niliipokea picha ya sebule yako kwenye simu ya Odeta, pamoja na maombi yako: nikutafutie vitu vya zamani vya kweli, si vya kuigiza, na kama naweza, vikapu vitatu vya kufanana na kile cha Mama Mkubwa ulichokitundika juu ya televisheni. Nilishukuru kupata kazi ya kufanya. Kesho yake nilikwenda dukani kwa Lukmani, nyuma ya soko.

Lukmani anauza chuma chakavu mbele, na nyuma anaweka vitu vya kale, kwa sababu wenye nyumba za wageni wameanza kuvitaka. Alinitolea kigoda. "Mwalimu, hiki ni cha enzi za Mjerumani!" Nikakipindua. Nikamuuliza Mjerumani alitoa wapi misumari ya Kichina. Akacheka mpaka akakaa juu ya kigoda chenyewe. "Sasa Mzee Ladislas, wewe umekuja kununua au kusahihisha mitihani?"

Nikueleze, ili siku nyingine ununue mwenyewe. Kigoda kipya kilichozeeshwa hufukizwa moshi, nao moshi hushika kila mahali sawasawa, hata chini. Lakini hakuna mtu anayekalia chini ya kigoda. Kigoda cha kweli hung'aa pale tu mwili ulipogusa, na miguu yake hulika upande mmoja zaidi, kwa kuwa kila mtu ana upande anaoegemea. Nilikupatia kimoja cha namna hiyo, na pasi ya mkaa ambayo bado mdomo wake una masizi. Ukiyatoa hayo masizi utabaki na chuma tu, na chuma Lukmani anakiuza kwa kilo.

Kisha akapanda juu ya kreti akashusha kikapu kutoka darini. Ni vile vikapu vya kwetu, vyenye mfuniko uliochongoka, ambavyo bibi zako waliviita agaseke na walikuja navyo kichwani kutoka Burundi hadi makazi ya Katumba. Kilikuwa kizuri. Nilifunua nikapitisha kidole ndani, na kwenye mishono ya chini kulikuwa na punje za ulezi, tatu au nne, zimenasa.

Nilikishika muda mrefu kuliko nilivyodhani, maana mke wa Lukmani, Zubeda, aliacha kupepeta mchele wake. "Mwalimu, umekipakata kama kichanga. Si ukinunue tu?"

Nikamwambia si cha kuuzwa, kuna mwenyewe anakisubiri.

"Miaka yote hiyo? Huyo mwenyewe si atakuwa ameshakisahau?"

"Hasahau," nikasema.

"Basi nyie watu wa Katumba mna subira," akasema Zubeda, akarudi kwenye mchele wake. Nikakirudisha kikapu. Kwa hiyo vikapu vitatu sikukuletea, na sitavitafuta. Sababu yake ni hii.

Wewe ulikwenda shule ya bweni ukiwa mdogo, na mambo haya hayafundishwi darasani. Kwetu, kikapu si zawadi. Zawadi ni kilichomo ndani. Kikapu chenyewe kiko safarini tu. Kikija kwako na ulezi, unakula ulezi, halafu unakirudisha na chochote ulicho nacho, hata chumvi, hata sabuni ya kipande. Hakirudi kitupu. Aliyekipokea naye anangoja apate kitu, anakijaza tena. Nyumba mbili zinaishi hivyo miaka na miaka, na hakuna anayeweza kusema wamemalizana.

Cecilia alipozaliwa, Mama Mkubwa alikujazia kikapu hicho ulezi wa uji na maharage. Ulimwandikia kwamba umekipenda mno, huwezi kukitia jikoni kikachafuka. Najua ulimaanisha heshima, na yeye alijua hivyo. Ule uzi wa buluu kwenye ukingo, unaousifia kwa wageni, aliufumua kutoka sweta langu la kufundishia. Kwenye picha naona umekipaka vanishi. Sikasiriki, mwanangu. Nimejaribu kukasirika nikaona hakuna kitu.

Yeye naye hakulalamika hata siku moja. Ila kila mgeni wa kutoka Dodoma alipoingia uani, Marta alitazama mikono yake kwanza, ndipo akatazama uso. Siku alipokuwa hawezi tena kuinuka, aliniuliza, "Kikapu cha kwa Emelyne?" Nikasema bado kiko huko. Akasema, "Haya, basi mimi na yeye hatujamalizana." Akageukia ukuta akalala vizuri kuliko siku zote za juma lile.

Jumamosi ya tarehe 28 mwezi huu tunafanya kuganduka, yaani tunaondoa msiba. Kufikia siku hiyo vikapu vyote vya marehemu vilivyoko kwa watu viwe vimerudi nyumbani, kila kimoja na kitu ndani. Odeta anavipokea badala ya mama yake, na kikapu anachokipokea ndicho atakachokijaza na kukirudisha. Nyumba ambayo kikapu chake hakikurudi, undugu wao na nyumba yetu unaishia kaburini kwa Marta. Hakuna anayegombana, watu huacha tu kupelekeana. Vimerudi vyote isipokuwa kimoja, na wanawake wa hapa wananiuliza. Nawaambia kitakuja. Sijui kwa nini nawaambia hivyo kwa uhakika, maana siku hizi sina uhakika hata na siku ya juma.

Sikutaka kukuambia kwa simu, kwa sababu kwenye simu ungeniomba msamaha, nami ningesema si kitu, na kikapu kingebaki ukutani.

Odeta anakusalimu, na anasema maharage ya msimu huu ni mazuri, uelewe mwenyewe anachomaanisha. Baba yako anakusalimu. Mama Marsela, jirani, anauliza utakuja lini. Msalimie Arcade, na Cecilia mwambie kigoda kile babu amempa yeye, kwa hiyo akikalie, kisiwe cha kutazama. Mungu ailinde nyumba yenu, na chungu chenu kisikose cha kuwekwa.

Ukutani patabaki tundu la msumari. Paache, kikapu kitarudi kwako tena kikiwa na kitu. Na kwa kuwa vanishi ina harufu, tandika kitambaa safi ndani.

Leo, ukishaikunja barua hii, kishushe kikapu, utie kitu, ukifunike, ukipeleke stendi.

Ni mimi, baba yako mkubwa, nikupendaye kama zamani,
Ladislas.