Bao la Wanne kwa Watano

Tamarack, Minnesota
9 Novemba 2003

Baba mpendwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje na baridi hii? Mimi mzima, nakula vizuri, usianze. Ule mkate wa iliki uliotuma uliisha siku hiyohiyo. Wasichana wa timu hawana haya.

Jumamosi kwenye hoki nilifunga tena tukiwa pungufu. Mwenzangu Britt alitolewa kwa adhabu ya dakika mbili, tukabaki wanne kwa watano, na wale watano wakajitanua kama wanapigwa picha ya harusi. Uwanja wetu wa barafu una upana wa futi mia, si themanini na tano kama wa kwenu, kwa hiyo pasi zao zinasafiri mbali. Nikaidaka moja katikati, nikaondoka na kisahani kwenye gongo langu, peke yangu, kipa akabaki ameketi. La nne msimu huu! Hakuna mwingine kwenye ligi mwenye hata mawili ya namna hiyo.

Kocha Lindvall kanuna. "Tukiwa wanne kazi yako ni kukaba, Aila." Bao limeingia, yeye kanuna. Umewahi kuona?

Binti yako,
Aila

Hancock, Michigan
18 Novemba 2003

Aila mwanangu,

Marahaba. Goti linalalamika, nami nalalamika nalo, tuko sawa.

Nimeisoma barua yako mara mbili na nimekasirika mara mbili. Kocha yuko sahihi. Hayo ni mabao ya uwanja mpana. Unapata nafasi ya kukimbia, unadhani ni miguu yako. Njoo ujaribu hapa kwenye themanini na tano: beki anakufikia kabla hujainua kichwa, na ukuta wa mbao uko begani kwako. Nimecheza beki miaka kumi na moja. Wakimbiaji wa aina yako ndio niliokuwa nawalaza. Na ukikosa je? Umewaacha watatu wakabe watano. Huo ni ubinafsi.

Kaa nyuma.

Baba yako

Tamarack
14 Desemba 2003

Baba,

Leo sikuulizi hali.

Ni mechi ya nne sasa, kila tukipungukiwa mtu Lindvall ananinyooshea kidole: "Keti." Jana nilimfuata ofisini.

"Kocha, nimekosa nini?"

"Hata baba yako ameniomba, Aila."

Hata baba yako! Ulimpigia simu. Nina miaka ishirini na moja. Napiga kura, naendesha gari masaa matano kwenye theluji kuja kukuona, halafu wewe unanong'ona nyuma ya mgongo wangu kama mimi ni mtoto wa chekechea. Nilisimama mle ndani nimevaa jezi ya chuo, masikio yanawaka kwa aibu.

Krismasi nitakuwa kwa kina Britt. Usipige simu. Usiandike pia.

Aila

Hancock
25 Januari 2004

Aila mwanangu,

Umenikataza kuandika, naandika. Natumai u mzima. Uji wa mchele wa Krismasi niliupika wa watu wawili kwa mazoea, nikamwaga nusu.

Ni kweli, nilipiga simu. Sababu sikukuambia. Februari iliyopita, ulipogongwa ukutani kwenye uwanja wetu mwembamba wa hapa, ulilala juu ya barafu dakika nzima hujatikisika. Wewe huikumbuki. Mimi nilikuwa jukwaani. Nilimwambia Lindvall, "Usimwache aende mbele peke yake." Yale ya ubinafsi niliyatunga ili nisiseme kwamba naogopa.

Nikasirikie, ni haki yako. Lakini na mimi nimekasirika: unacheza kana kwamba una shingo ya akiba.

Baba yako

Tamarack
22 Februari 2004

Baba,

Sikukujibu mapema kwa sababu kila jibu lililonijia lilikuwa tusi.

Ungeniambia unaogopa, ningekusikiliza. Labda ningekaa nyuma, labda nisingekaa, lakini shingo ni yangu. Nilimwambia Lindvall, "Baba yangu si kocha wako. Unaniweka benchi kwa mchezo wangu au kwa simu yake?" Alijikuna kichwa weee, kisha akanirudisha.

Jana tulipocheza kwenu nilikuona jukwaani. Kipindi cha tatu, mabao mawili kwa mawili, Britt akatolewa tena. Nikageuka kukutazama. Kiti kitupu! Mechi nzima, ukachagua kuondoka dakika mbili zile. Nilipanda basi bila kukutafuta. Kama huwezi kunitazama nikicheza, usinunue tiketi.

Aila

Hancock
27 Februari 2004

Aila binti yangu,

Hali yangu si nzuri, na nimejitakia.

Nilitoka, ndiyo. Britt alipoingia kwenye kibanda cha adhabu, miguu ilinitoa yenyewe. Nilisimama nje bila koti, nimeukasirikia uwanja, nimemkasirikia Lindvall, nimejikasirikia mimi zaidi. Ndani watu wa hapa walikuwa wanaimba na kukanyaga mbao. Nilijua wakilipuka kwa shangwe, wamefunga wao. Kelele ikapanda, ikapanda, halafu ikakatika. Watu elfu moja, kimya.

Nikajua umefika kwa kipa. Nikajua pia ni jambo gani jingine linaloweza kuunyamazisha uwanja namna ile. Nilikimbia ndani mpaka kwenye kioo kinachozunguka barafu. Ulikuwa umesimama, wenzako wanakugonga kofia, na wewe unatazama kiti changu. Nilikuita kwa sauti yangu yote, kioo kikaizuia.

Mwanangu amefunga kwenye themanini na tano, na mimi sikuona. Jumamosi ya wiki ijayo mnacheza huko kwenu. Nitakuja, nitakaa mpaka mwisho, hata ikibidi nitazame kwa jicho moja. Ukimaliza kucheza, njoo unifokee ana kwa ana.

Baba yako