Boti ya Mwanza isiguse mto wetu

Resti!! Nimeona picha ya boti ya Beatus wako juu ya lori, imetoka Mwanza na magugu maji yananing'inia. Isishushwe mtoni!

Umesahau mwaka tisini na saba? Yule Evarist, shemeji yake dada Oliva, mjuaji wa kila kitu, alileta ya kwake toka huko huko, ina magugu, imefunikwa magunia yaliyoloweshwa, eti mbao zisipasuke.

Oliva akamsihi, "Shemeji, isugue, iache juani wiki nzima. Hayo magugu yatatufungia mto." Migono yake ya kutegea samaki ilikuwa hapo hapo, ndiyo iliyolisha wanawe.

Lijitu likacheka. "Boti inaogeshwa? Kwani bibi harusi?"

Bibi harusi, Resti! Tena akamwaga mtoni maji ya Mwanza yaliyobaki ndani, eti boti isishtuke.

Mwaka uliofuata ukingo wote kijani. Migono ya Oliva ikapotelea humo. Na yeye bwana mjuaji boti imenasa katikati, anapiga kelele, "Shemeji, niletee panga!"

Oliva akampelekea. "Haya, mvue bibi harusi wako shela."

Tulicheka, lakini wanawe walikula ugali kwa chumvi. Sasa mwanangu anatega hapo hapo.

Mwambie Beatus amwogeshe bibi harusi wake.