Ndege Walioongezwa

Shoga, nimetoka kwenye ufunguzi wa maonyesho yetu ya sauti sasa hivi.

Mtaalamu mmoja wa ndege alisikiliza rekodi yangu ya alfajiri kwenye msitu wa mlimani, akauliza, "Huyu ndege wa kinamasi alifikaje mlimani?"

Mwenzangu, niliyemwachia uhariri, akacheka. "Msitu ulikuwa kimya mno, bibie. Nikautilia ndege wawili watatu."

Eti akautilia ndege.

Na ukutani, chini ya jina langu, pameandikwa kwamba hakuna sauti iliyoongezwa.

Ndege wa kule wamekwisha, shoga. Ukimya ule ndio niliokwenda kuurekodi, naye alijua.

Nikachomoa waya wa spika. Akaninong'oneza, "Sasa wageni watasikiliza nini?"

Miaka sita tumefanya kazi pamoja, na ananiuliza hivyo.