Ouma, Mkeo Amepanda Ile Ndege

Omera Ouma, ndugu yangu,

Huu ni mwaka wa pili tangu malaria ikuchukue, na mkeo, Nyar Awasi wako, amesema ile ndege ndogo iuzwe. Kuuza si neno. Kilichonichoma ni alivyolitamka, amesimama mlangoni na mwiko mkononi: "Salim, huyo mtu alipenda hiyo kitu kuliko mimi. Kila Jumapili alikuwa ananikimbia." Ananiambia mimi, rubani mwenzako, niliyekaa kiti cha nyuma Jumapili zote hizo!

Simlaumu. Nani angekuelewa? Wiki nzima tulikuwa tunarusha ndege ya abiria, tai shingoni, kofia kichwani. Jumapili, badala ya kupumzika, unaniburuta mpaka kile kiwanja cha Kisian kwenye kidude ulichokiunganisha mwenyewe: vyuma, turubai, viti viwili, na injini inayolia kama mashine ya kusaga unga. "Hii ndiyo kuruka, bwana," ulikuwa ukiniambia. "Ile ya kazini ni kuendesha ofisi." Nikapanda na ujinga wangu, na wallahi, nikapenda.

Unakumbuka Luanda Kotieno? Tuliona ufuo unang'aa, umenyooka, hauna hata jiwe. "Uwanja huo, Mungu ametupa," ukasema, ukashusha. Kumbe ni omena, dagaa wa kina mama, wameanikwa kwenye nyavu! Tukapita katikati ya hao dagaa, wakaturukia mpaka ndani ya kola. Jaluo mzima, umezaliwa ziwani, unashindwa kutambua omena! Na wale kina mama hawakustaajabia ndege hata kidogo. "Nyinyi marubani, mtaokota moja moja," akasema mkubwa wao, na tukaokota mpaka alasiri, magoti yanawaka, huku wewe unacheka hadi unashindwa kuinama. Tangu siku hiyo ikawa desturi: tunapita juu mara moja, wanakunja nyavu, ndipo tunatua. Na chai tunaikuta tayari.

Basi Jumapili hii nikamwambia, "Shemeji, uza, lakini panda kwanza, hata mara moja tu." Akanitukana kidogo, akajifunga leso kichwani, akapanda. Tulipoanza kupaa alinishika mabega utadhani anataka kuyang'oa. Ghuba siku hizi ni kijani tupu, gugu maji limefunika kila kitu, na nikamsikia nyuma yangu anamwita Yesu kwa Kijaluo na kwa Kiswahili.

Sikumpeleka mbali. Nilifanya ulivyokuwa ukifanya wewe kabla hatujaenda popote: nikageukia juu ya boma lako, nikapunguza injini, nikazunguka mara tatu, chini chini. Nikapaza sauti, "Hapa alikuwa anakutafuta, shemeji! Mpaka akuone uani ndiyo twende. Siku asipokuona, ananuna njia nzima!"

Nikaogopa, nikasema moyoni nimemkosea mjane wa watu. Kisha sauti yake ikanipasua sikio:

"Salim! Mimi nilikuwa naingia ndani makusudi! Nilidhani anaringa!"

Akacheka, Ouma. Akalia pia, vyote kwa pamoja, akawa ananipiga ngumi za mgongo kana kwamba kosa ni langu. Na labda ni langu kweli, maana miaka yote hiyo nilijua na sikumwambia. Nilidhani anajua. Nisamehe, ndugu yangu. Mimi na wewe tulikuwa hodari wa kuongea na mnara wa uwanja wa ndege, lakini nyumbani tulikuwa mabubu.

Nikataka kugeuza tukatue. Akakataa katakata.

"Zunguka tena," akasema.

Nikazunguka, nikazunguka, mpaka petroli ikabaki ya kutua tu. Muda wote huo alikuwa ameinamia pembeni, anauangalia ua wake mwenyewe kutoka pale pale ulipokuwa unamwangalia wewe.

Ndege haiuzwi, omera. Pumzika.

Mwenzako wa kiti cha nyuma,
Salim