Maringo wa Chumba cha Kumi na Tisa

Jumatatu, 3 Machi

Maji yamenipita tena! Bomba la bweni linatoa saa kumi na mbili asubuhi, saa moja haijafika limeshakauka, basi mpaka kesho. Nimefika na ndoo yangu nikakuta foleni imezunguka ngazi. Limekata zimebaki ndoo tatu nifikiwe. Nimenawa uso kwa maji ya kunywa nikaenda darasani hivyo hivyo.

Na mwenzangu wa chumba? Ndoo yake imejaa mpaka ukingoni. Kila siku! Saa ya kumwamsha hana. Nimemuuliza anafanyaje. Alikuwa anakunja shuka, kanipa mgongo. Hakujibu. Si leo tu — wiki ya tatu hii. Wasichana wa korido yetu wanamwita Maringo. Nilikuwa namtetea. Leo nimeacha.

Jumatano, 5 Machi

Saa mbili nzima za Mgongo. Ndiye mwalimu wetu wa upimaji ardhi. Tumemwita hivyo kwa sababu ndiyo sehemu yake tunayoijua. Anaandika ubaoni, anaongea na ubao, anautania ubao. Ubao haucheki. Akigeuka ndipo unakutana na masharubu, yameshuka juu ya mdomo kama pazia.

Nilikaa nyuma ya Maringo. Anaandika mstari mmoja, anachungulia daftari la jirani. Nikasema moyoni, kumbe na maringo yote yale ni mvivu!

Mama kapiga simu. Naelewana na mwenzangu? Nikamwambia hata salamu haitikii. Akasema nimsalimie usoni, watu si milango. Mama bwana.

Ijumaa, 7 Machi

Niandike taratibu.

Saa tisa mchana, king'ora. Zoezi la moto. Bweni zima uwanjani, wengine na mapovu kichwani. Matroni akahesabu vichwa, akapiga kelele: chumba cha kumi na tisa, mmoja hayupo! Nikatumwa mimi. Nimepanda ngazi nimefura. King'ora chenyewe kimefungwa juu ya mlango wetu, kinatoboa fuvu.

Nimefungua. Maringo amekaa kitandani, kanipa mgongo, anasuka nywele zake. Polepole. Ana wimbo mdogo mdomoni. Nikamwita. Nikamwita tena. Nikaupiga mlango kofi. Nikamgusa bega — akaruka, kitana kikamtoka! Kisha akaniangalia mdomo. Si macho. Mdomo.

Nikakaa kitandani kwake, na king'ora kinalia, tunatazamana.

Nikamwambia, neno moja moja: Kuna zoezi la moto. Twende.

Akasema: Asante. Usimwambie mtu.

Jumapili, 9 Machi

Tumeongea kutwa. Yaani tumekaa uso kwa uso, magoti yanagusana, nikajifunza kutokula maneno. Aliugua homa ya uti wa mgongo akiwa na miaka kumi na moja. Sikio la kushoto halina kitu. La kulia linapata mabaki. “Sikio la kufa halisikii dawa,” akasema, “langu ndilo hilo hasa.” Tukacheka mpaka chumba cha pili wakagonga ukuta. Wao wakagonga, nikasikia mimi peke yangu, nikacheka zaidi.

Halafu akaacha kucheka. Alipokuwa sekondari alisema ukweli mara moja. Mwalimu mkuu akamwita mama yake, akamwambia asimsumbue mtoto, ampeleke akajifunze kushona. Mama yake alikataa, akalia njia nzima. Tangu hapo hajasema tena. Kwenye fomu za chuo, penye swali la afya, aliandika: nzuri.

Bora kuitwa Maringo, akasema. Maringo hafukuzwi.

Nimeahidi. Nimeona aibu pia. Wiki nzima namsema kwenye foleni ya maji.

Jumatatu, 10 Machi

Nimepata maji!!! Ndoo nzima! Ameniamsha yeye. Siri yake hii: anashika bomba linalopita kando ya kitanda chake. Maji yakianza kupanda, bomba linatetemeka kabla halijatoa sauti. Ameuweka mkono wangu hapo. Kama mshipa wa mtu.

Alhamisi, 13 Machi

Vitendo uwanjani. Wawili wawili. Mmoja kwenye darubini ya kupimia, mwenzake anasimama mbali na fimbo ya vipimo. Upepo ukavuma. Wenzetu wakabaki kuitana: Kushoto! Nini? Kushoto! Saa ngapi?

Sisi tulishakubaliana jana. Mkono kifuani, nyoosha fimbo. Kiganja juu, simama. Ngumi, nimesoma. Hatukufungua mdomo hata mara moja. Tumemaliza wa kwanza, na hesabu zimefunga, kosa hakuna! Mgongo akaja (kwa uso!) akauliza mbona sisi hatupigi kelele. Mwenzangu akamjibu: Tunaokoa pumzi, mwalimu. Masharubu yakacheza. Nadhani lilikuwa tabasamu.

Ijumaa, 14 Machi

Tangazo ukutani. Mtihani wa mdomo, Jumanne ya tarehe 25. Mmoja mmoja, ofisini kwa Mgongo. Asiyefaulu haendelei na somo.

Mwenzangu amelisoma mara mbili. Akaenda kuanua nguo zake, zikiwa bado mbichi.

Baadaye kasema: Yale masharubu, siyasomi.

Jumatatu, 17 Machi

Nimefanya jambo. Sijui ni jema.

Nilimfuata Mgongo baada ya kipindi. Nilitaka kumwomba tu awe anageukia darasa. Akauliza kwa nini. Ulimi ukateleza: “Mimi sisikii vizuri, mwalimu.”

Mimi! Ninayesikia panya wa dari akijikuna!

Akaweka chaki chini. Akasema pole, kwa nini sikusema mapema. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nikajifariji: siri yake sijaitoa, na kugeuzwa Mgongo atageuzwa. Nani ameumia?

Jumatano, 19 Machi

Ameumia.

Mgongo kaingia, kanitoa nyuma, kaniweka kiti cha mbele, katangaza: Mwenzenu huyu hasikii vizuri, tangu leo nitaongea nikiwatazama. Darasa zima, aaah, pole jamani. Mmoja kanipa peremende. Mgongo akafundisha saa mbili akiwa ametukabili, kwa sauti ya kuuzia samaki, akiniuliza kila baada ya sentensi: UMENIPATA?

Na mwenzangu aliandika. Nilimwona! Kurasa nne. Nikajua tumeshinda.

Chumbani hakukaa. Alisimama.

“Umenipaka mafuta kwa mgongo wa chupa,” akasema.

Nikasema sikukutaja.

“Kwako ni rahisi kusema, kwa sababu si kweli. Wamekuonea huruma. Kesho utawaambia umepona. Mimi nitapona lini?”

Akageukia ukuta. Mtu asiyesikia akikugeuzia mgongo, amefunga mlango na madirisha.

Ijumaa, 21 Machi

Siku ya pili hanitazami. Nimeandika “nisamehe” kwenye karatasi, nikaiweka juu ya mto wake. Ameitumia kuwekea alama kwenye kitabu. Sijui kusamehe ni hivyo au vipi.

Nimechelewa kuamka. Nimeirukia ndoo — ilikuwa imejaa. Imejaa na kufunikwa. Yeye alishaondoka.

Nimekaa sakafuni kando ya ndoo nikalia kama mtoto.

Jumatatu, 24 Machi

Amekaa mbele yangu. Magoti yakagusana. “Niulize maswali,” akasema. “Funika mdomo.”

Nikafunika kwa kiganja. Nikauliza. Akapata neno hapa, neno pale, mengine akabahatisha. Nilimuuliza kosa la kwanza la mpimaji ni lipi, akanipa urefu wa fimbo. Nikauondoa mkono.

Akaangalia midomo yangu iliyokuwa haisemi kitu.

“Kesho wewe wa kumi, mimi wa kumi na moja,” akasema. Basi.

Jumanne, 25 Machi. Kwenye benchi, nje ya ofisi

Naandikia gotini. Nimetoka sasa hivi.

Mgongo amenyoa masharubu. Yote! Sikumtambua. Ana mdomo mdogo, mpole, kama wa mtu mwingine. Akaona nashangaa, akasema kwa sauti kubwa: ILI UNIONE MIDOMO VIZURI. Akajipapasa pale palipobaki peupe, kwa haya, mtu mzima yule.

Nilijibu swali la kwanza. La pili nikaliacha. Nikamwambia, mwalimu, nasikia. Nasikia kila kitu. Nilikudanganya.

Nilingoja anifukuze. Akauliza, sasa kwa sauti yake ya kawaida: Basi ulikuwa unamwombea nani?

Nikasema hiyo si yangu kusema.

Akanitazama sana. Akaniuliza maswali yaliyobaki, nikayajibu, sijui nimejibu nini. Ya uongo wangu atayaamua baadaye, kasema. Nimwite anayefuata.

Mwenzangu alikuwa hapa benchini. Nilimwambia mambo mawili tu, usoni: Sijamwambia. Na amenyoa.

Akanishika kifundo cha mkono, kama anavyoshika bomba. Akaingia. Mlango haukufunga vizuri, umebaki wazi upana wa kidole.

Mgongo anamkaribisha. Anamtaka akae. Swali la kwanza — limetamkwa haraka, ameinamia karatasi zake, namjua.

“Mwalimu.” Sauti yake, kubwa kuliko anavyojua. Korido nzima imegeuka. “Naomba uinue uso ndipo uniulize. Mimi sisikii. Sikio moja halina kitu, la pili kidogo. Kwenye fomu niliandika uongo. Yule aliyetoka alikuwa ananisemea mimi.”

Hakuna anayepumua hapa benchini. Yule wa peremende ameshika mdomo.

Kiti kinaburutwa mle ndani. Sijui ni cha nani. Sijui kinasogea mbele au kinarudi nyuma —