Viatu vya Mzee Guled

Garissa,
8 Julai 2025

Kwa Eeddo Kaaha, Hadado.

Assalamu alaikum warahmatullah.

Hujambo, Eeddo? Mguu umepoa? Mbuzi je, na yule ngamia jike anayekataa kukamuliwa na mtu yeyote ila wewe? Huku sote wazima, alhamdulillahi, isipokuwa joto, na isipokuwa mimi.

Ulinipigia ukasema darasa lenu la ngumbaru limeagizwa lipokee barua za kweli kutoka kwa jamaa. Basi hii ndiyo yako. Nafurahi kwamba shangazi aliyenilea sasa anasoma Kiswahili mwenyewe, lakini nakuomba hii uisome peke yako. Ina siri.

Unamkumbuka Nasteha, mwalimu wa chekechea niliyekutajia mara moja kisha nikakata simu kwa haya? Nilikwenda kwa baba yake, Mzee Guled, mfanyabiashara wa ngamia, nikamwuliza kama naweza kuwatuma wazee. Hakusema ndiyo, hakusema la. Alinitazama kama anayetazama meno ya ngamia, akasema: "Karani, mshahara wako sitauliza. Nitakuja kula kwako. Mtu hujulikana kwa anavyopokea wageni. Nikiridhika, lete wazee. Nisiporidhika, Hanad mwenye malori naye ana wazee wake."

Tangu siku hiyo chakula hakinipiti. Lakini nimejipanga. Karamu ni Jumamosi, tarehe 2 Agosti, hapa kwangu. Nimekodi viti na meza, kila mtu na sahani yake, kila kiti na jina lake. Nimechapisha kadi zenye maua pembeni: "Unakaribishwa kwa chakula cha mchana, kuanzia saa sita hadi saa tisa. Tafadhali zingatia muda." Ofisini kwetu mkutano usioandikiwa saa ya kwisha hauishi, watu husubiri chai ya pili. Kadi ya Mzee Guled nilimpelekea mwenyewe, kwa mikono miwili.

Kwa hiyo nina swali dogo tu, la nyama. Mbuzi au kondoo?

Mwana wa kaka yako,
Shuaib


Hadado,
14 Julai 2025

Shuaib, eeddo,

Waalaikumussalam. Nakuita eeddo kama unavyoniita, kwetu shangazi hulirudisha jina. Mguu unauma jioni tu. Mbuzi wazima. Ngamia ana kiburi chake. Mvua hakuna. Wewe unakula?

Barua yako nilikusudia kuisoma peke yangu. Lakini neno "zingatia" lilinishinda, nikamwuliza Mwalimu Mowlid. Naye akaliandika ubaoni. Fatumo, ninayekaa naye dawati moja, akauliza limetoka wapi. Basi darasa zima limesoma. Usijali, ni wanawake watu wazima. Siri wanaijua wao tu na waume zao.

Sasa nisikilize. Umemwandikia mgeni saa ya kuondoka? Nilikulea mimi au ulilelewa na kengele ya shule? Kwetu mgeni akitaka kwenda, mwenye nyumba hulalamika kwamba jua bado liko juu. Akienda kweli, husindikizwa mpaka nyumba isionekane. Wewe umemfukuza Guled kabla hajanawa mikono. Tena kwa maandishi! Tena na maua! Fatumo alishika kichwa.

Viti rudisha. Tandika mikeka. Sahani rudisha, azima masinia, watu wakutanishe mikono. Hayo majina kwenye viti sitaki hata kuyasema. Na usihesabu watu. Ukimwalika Guled umealika na kivuli chake, na kivuli cha mfanyabiashara wa ngamia ni kirefu.

Mbuzi. Wawili. Nakutumia nyirinyiri ya nyama ya ngamia, iliyozama vizuri katika samli. Dereva wa basi anaijua ofisi yako.

Kadi zikusanye leo.

Eeddo yako,
Kaaha


Garissa,
19 Julai 2025

Eeddo,

Assalamu alaikum. Natumaini mguu umekupa nafasi, na mawingu yameonekana upande wenu. Mimi mzima, kama mtu anaweza kuitwa mzima. Nyirinyiri imefika, Mungu akuzidishie. Dereva aliionja, nadhani si mara moja.

Kadi nimezikusanya zote ila moja, nayo ndiyo yenyewe. Nilikwenda soko la mifugo kumwomba Mzee Guled anirudishie. Nikamkuta katikati ya madalali, na mkononi, Eeddo, amevaa saa mpya kubwa kama kifuniko cha birika. Mtu huyu hajawahi kuvaa saa. Dalali mmoja akamwuliza, "Guled, umeajiriwa?" Akajibu kwa sauti ya mnada: "Nimealikwa kwa watu wenye muda. Sitaki kuchelewa kufukuzwa!" Walicheka mpaka ngamia wakageuka. Mimi nilijificha nyuma ya lori. Lori lilikuwa la Hanad.

Nasteha ananiandikia kwamba nyumbani baba yake anafanya mazoezi. Anakaa, anatazama saa, anapiga kelele "Saa tisa, nje!" kisha anasimama na kutoka. Wadogo zake Nasteha wanamfuata kwa mstari. Mama yake hacheki.

Nimeandika barua ya kuomba radhi, kurasa mbili, yenye namba ya kumbukumbu, nakala kwa mama yake Nasteha. Niipeleke? Au niahirishe karamu? Au niombe uhamisho? Nasikia Masalani wanahitaji karani.

Na tafadhali, Eeddo, barua hii isiende darasani.

Mwana wa kaka yako mwenye hofu,
Shuaib


Hadado,
25 Julai 2025

Shuaib, eeddo,

Waalaikumussalam. Sisi wazima. Mawingu yalikuja, yakatutazama, yakaenda Ethiopia.

Barua haikwenda darasani. Darasa lilikuja kwangu.

Hiyo radhi ya maandishi ichome. Maandishi ndiyo yaliyokuponza. Fatumo amesema jambo, nasi tumelipitisha kwa kunyoosha mikono, Mwalimu Mowlid pia. Marehemu baba yake Fatumo, mgeni akiingia, alichukua viatu vyake akavificha. Mgeni akisema naondoka, mzee humwuliza, "Kwa miguu ipi?" Basi mgeni hukaa, hunywa chai nyingine, akajua kwamba anapendwa. Ukifanya hivyo, kadi yako itakuwa imefutwa mbele ya watu wale wale waliocheka.

Guled akivua viatu mlangoni, vichukue. Najua utaogopa. Vichukue huku unaogopa.

Eeddo yako,
Kaaha


Hadado,
6 Agosti 2025

Shuaib, eeddo,

Assalamu alaikum. U hai?

Jumamosi imepita. Basi limekuja bila barua, limekuja tena bila barua. Simu yako imekufa. Hatusomi tena: Mwalimu Mowlid akiandika hesabu ubaoni, Fatumo anauliza, "Na viatu?"

Kama umekimbilia Masalani, sema tu. Tutaelewa, baada ya kukutukana.

Kaaha


Garissa,
8 Agosti 2025

Eeddo mpenzi,

Waalaikumussalam. Nisamehe. Niko hai, na mguu wako nauombea. Simu yangu ilitumbukia katika sufuria ya mchuzi nilipokuwa nikikoroga huku natazama mlango. Fundi anasema itawaka, lakini harufu ya bizari haitoki. Na sikuandika kwa sababu nilikuwa nangoja neno la Mzee Guled. Limekuja leo.

Walifika saa sita kamili: yeye, ndugu zake kutoka Bura, madalali wa sokoni, na watu wengine ambao hata wao kwa wao hawakujuana. Sikuhesabu. Nilifumba macho. Jirani yangu Rahmo, muuza maziwa, alishika jiko, na mbuzi wawili wakatosha kwa rehema ya Mungu na wingi wa wali.

Wakavua viatu mlangoni. Vilikuwa chungu nzima, Eeddo, na kwa hofu sikuweza kukumbuka vya mzee ni vipi. Nikavizoa vyote kwa beseni, nikavifungia stoo, ufunguo nikampa Rahmo anifichie.

Mzee alikula, mkono wa kulia kwenye sinia, wa kushoto juu ya goti ili ile saa ionekane. Ilipofika saa tisa akasimama. Wote wakasimama. "Ahsante, karani," akasema. "Muda tumeuzingatia." Akaenda mlangoni. Hapakuwa na kiatu hata kimoja. Madalali wakaanza kutazamana vibaya.

"Viatu viko wapi?"

"Nimevificha." Sauti yangu ilitoka nyembamba kama ya mbuzi mchanga.

"Vyote?"

"Vyote."

"Kwa nini?"

Nilikuwa nimeyakariri maneno ya baba yake Fatumo. Yakanipotea. Nikasema lililokuja: "Kwa sababu ukiondoka sasa, mzee, hutarudi. Na mimi nataka urudi siku zote za maisha yako."

Alinitazama, akanitazama. Kisha akaketi palepale kizingitini, akacheka mpaka kofia ikamwanguka. "Nilidhani ndani ya karani mna makaratasi tu," akawaambia madalali. "Kumbe mna mtu! Leteni chai."

Laiti ingeishia hapo. Baada ya Alasiri wale wa Bura walitaka kwenda kweli, nami nikamtafuta Rahmo. Alikuwa amekwenda stendi kupokea maziwa yake, na ufunguo wangu kiunoni. Nikawaambia jua bado liko juu, kama ulivyonifundisha. Mmoja akaniambia, "Adabu yako tumeiona, kijana, sasa lete viatu." Nikakiri. Wakajaribu mlango wa stoo kwa bega. Ni mlango mzuri. Basi wakakaa. Wakamaliza maziwa, wakamaliza nyirinyiri yako, wakaanza kuuziana ngamia. Rahmo alirudi baada ya Magharibi, akatoa salamu kana kwamba hakuna jambo.

Kila mtu alichukua vyake. Mzee Guled hakuchukua. Alivaa ndara zangu za bafuni, zile za waridi, akanivisha ile saa mkononi. "Wewe ndiye unayeihitaji," akasema, "mimi najua kuondoka bila kuambiwa." Nikamwambia, "Viatu, mzee." Akaenda zake bila kugeuka.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikivipangusa kila asubuhi bila kujua ni heri au ni shari. Leo Nasteha amepita ofisini, mtandio umemziba uso wote ila macho, na macho yalikuwa yakicheka. "Baba anasema mtu huacha viatu kwake au kwa mwanawe," akaniambia. "Tena anasema ndara zako zinambana, kwa hiyo wazee wako wasikawie."

Eeddo, viatu nimevipangusa tena jioni hii, lakini safari hii bila hofu.

Mwanao,
Shuaib


Hadado,
10 Agosti 2025

Shuaib, eeddo,

Waalaikumussalam. Mguu umepona ghafla.

Nimeisoma peke yangu, nikalia. Kisha nikaipeleka darasani, nao wakalia, isipokuwa Fatumo, ambaye anataka kila mtu ajue wazo lilikuwa la baba yake.

Tunakuja Alhamisi. Wazee wa kwetu, mimi, na Fatumo. Mwalimu Mowlid naye anakuja, na kwa kuwa hakutakuwa na mwalimu, darasa zima linakuja. Mwambie Rahmo asiende stendi.

Tutaondoka lini? Thubutu kuuliza.

Eeddo yako,
Kaaha