Akaunti ya Kungojea

Jumatatu, 2 Oktoba

Wiki ya tatu ya kompyuta na makalio yananiuma! Viti vya mbao, asubuhi nzima bila kusimama. Kazi zote za dunia zipo, mimi nimekwenda kuchagua ile ya kukaa. Mimi, ambaye hata chai nainywa nimesimama mlangoni.

Kompyuta zinazowaka ni nane, sisi kumi na sita. Kwa hiyo wawili wawili. Mwalimu Habumugisha amenikalisha na Maman Béatrice, mama wa Bukavu anayevuka mpaka kila asubuhi na kurudi jioni. Rika la Mama. Kule kwao ameshika vitabu vya hesabu vya dépôt, ghala la vinywaji, miaka mingi, kwa kalamu. Sasa bosi amenunua kompyuta — ajifunze au atoke. Kibodi za huku herufi zimepangwa vingine. Akitaka A kidole chake kinakwenda kwenye Q. Leo ameandika Bqnk badala ya Bank mara tatu. Nikacheka, akacheka naye, kisha akanichapa paja.

Tumegawana kazi bila hata kuongea. Yeye anasoma risiti na kusema iende wapi, mimi naandika. Kichwa chake, vidole vyangu. Vidole vyangu ni vyepesi, mwalimu mwenyewe amesema! Ila amesema pia kwamba mtihani ni kila mtu peke yake.

Niandike na hili, nisijifanye nimesahau. Cherehani niliacha. Saluni niliacha. Kuuza kadi za simu niliacha. Mama alinipa nauli ya kupanda huku Kamembe kwa shangazi akasema hii ndiyo ya mwisho. Nikianguka naenda Gitambi kwa dada, kulima na kumbebea mtoto mgongoni. Nikipita — stage, mafunzo ya kazini, kwenye koperative ya mpunga kwetu Bugarama. Wameahidi kumchukua kila atakayepata sitini kwa mia. Sitini tu, jamani!

Alhamisi, 5 Oktoba

Nimegundua kitu!

Tunafanya mazoezi ya kampuni ya uongo, kaitunga mwalimu: inauza sambaza, dagaa wa kisiwa cha Nkombo. Amegawa mafurushi ya risiti. Programu ina jeuri. Pesa ikitoka lazima useme imekwenda wapi. Usiposema haihifadhi, inalia kama mbuzi na kufungua kidirisha chekundu. Maman Béatrice hakuja, mtoto wake ana homa. Basi niko na vidole bila kichwa. Risiti ya chumvi, niiweke wapi? Ya fundi wa nyavu je? Kidirisha chekundu, kidirisha chekundu. Karibu nilie.

Delphin anayekaa nyuma yangu akaniambia nishuke chini kabisa kwenye orodha. Kuna akaunti ya vitu ambavyo bado hujajua pa kuviweka. Unavitia humo vinangoja mpaka ujue. Akaunti ya kungojea! Nikaitupa chumvi humo. Mashine kimya. Nikatupa nyavu. Kimya! Nikatupa karatasi tatu nisizozisoma hata majina. Pande zote mbili zikalingana, kijani kitupu.

Nimekuwa wa kwanza kumaliza darasa zima. Nikatoka kununua mandazi, nikala nimesimama juani, wenzangu bado wanakuna vichwa ndani. Raha gani hii!

Jumanne, 10 Oktoba

Maman Béatrice amerudi. Anasoma risiti moja kama anasoma barua ya mchumba. Anavaa miwani, anageuza nyuma, anaangalia saini. Mguu wangu chini ya meza unatwanga wenyewe. Ameushika kwa mkono wake: “Mwana, uko na siafu mu kiti? Unakimbia kwenda wapi?”

Sijui nakimbia kwenda wapi. Lakini alipokwenda chooni nilitupa risiti tano kwenye kungojea. Aliporudi nikamwambia tumemaliza. Akanitazama. Wa kwanza tena!

Jumamosi, 14 Oktoba

Bugarama. Joto lile lile, vumbi lile lile. Nimemkuta Mama ametoka kuanika mpunga kwenye uwanja wa koperative, makapi mpaka kwenye nyusi. Nikamwambia nakuwa wa kwanza. Nilisema tu, kwa kupita. Basi! Kabla ya adhuhuri wanawake wote wa uwanjani walikuwa wanajua. Mmoja kanipigia vigelegele njiani. Mama anasema hata karani, Uwiringiyimana, ameuliza jina langu na kuliandika.

Mama amenipikia wali na samaki kama mgeni. Alikuwa ananiangalia ninavyokula. Eti mwaka huu nimetulia. Nimekula haraka nikaomba kutembea kidogo. Nilizunguka mpaka mfereji wa mashamba na kurudi, mara mbili. Mbona sikufurahi? Ningepaswa kufurahi!

Jumatano, 18 Oktoba

Aibu. Aibu, aibu, aibu.

Leo mwalimu aliwasha projekta, akasema tutazame kazi ya mtu anayemaliza wa kwanza kila siku. Mimi mjinga nikakaa wima. Akaonyesha balansi yangu, iko sawa hadi faranga ya mwisho. Darasa likasema eeeh! Kisha akabonyeza ile akaunti ya kungojea na ukuta mzima ukajaa. Chumvi. Nyavu. Mafuta ya injini. Barafu. Mishahara ya wavuvi. Sambaza zenyewe! Alishuka na orodha pole pole, anasoma kila mstari kwa ile sauti yake kavu. Akasema kampuni hii haina chumvi, haina wavuvi na haina samaki, ila vitabu vyake vimelingana. Huyu binti hafanyi hesabu, anafagia nyumba na kusukuma taka chini ya kitanda.

Walicheka mpaka Delphin akaangusha kalamu. Delphin! Na ni yeye aliyenionyesha! Nilitazama Maman Béatrice. Yeye peke yake hakucheka, na hilo ndilo liliniuma kuliko yote.

Nilitoka bila ruhusa. Sirudi.

Alhamisi, 19 Oktoba

Sikwenda. Shangazi anadhani nimekwenda. Nimeshuka bandarini nikatazama mitumbwi ya Nkombo ikipakia watu na majerikani. Nikafikiria Gitambi. Kulima si kubaya. Mtu analima amesimama! Nikajicheka mwenyewe, kisha nikalia kidogo nyuma ya mifuko ya saruji, mtu asinione.

Jioni nilikuwa njiani kuelekea barrière, pale mpakani. Nijidanganye kwamba nilipita tu? Nilikuwa namngoja. Maman Béatrice alikuja na mfuko wake wa plastiki, hakusalimu. Alinishika mkono tukashuka pamoja kama tunakwenda sote kwao.

Alisema wanazicheka zile sambaza za uongo, hazina kitu. Lakini yeye alinyamaza kwa sababu alikumbuka. Kule dépôt kulikuwa na mlinzi wa mlango, mzee Balagizi. Karani mmoja wa haraka haraka kama mimi hakujua mshahara wa mlinzi uwekwe wapi, akautia kwenye compte d'attente, ndivyo wanavyoiita. Mwisho wa mwezi vitabu sawa. Mwezi wa pili sawa. Bosi anaangalia, anaona sawa, anasaini. Mzee anauliza, anaambiwa angoje.

“Vitabu bilikuwa bizuri sana,” akasema. “Njo siku moja sisi bote tuliona mlango hauna muntu. Mzee alirudia kwao Walungu na hatukumuona tena. Mule ndani ya attente hakunaka bitu tu, mwana, kuko bantu. Kila kitu kiko na mwenyewe.”

Nikamuuliza yule karani alikuwa nani. Akaniambia nisiulize maneno ya watu, barrière inafungwa, na kesho niwahi kiti kabla Delphin hajakichukua. Akaenda zake.

Jumatatu, 23 Oktoba

Tumebadilishana! Amri ya Maman Béatrice. Yeye anakaa kwenye kibodi, mimi nasoma risiti. Ee Mola! Anatafuta herufi moja kama anatafuta kiroboto. Na mimi siruhusiwi kugusa. Nikigusa ananichapa mkono.

Lakini kwa sababu anakawia, nina muda wa kusoma. Nikageuza karatasi nyuma kama yeye. Chumvi: imetumika kukaushia samaki, basi ni gharama. Injini: itakaa miaka, basi ni mali. Si uchawi! Kumbe nilikuwa na kichwa muda wote, sikukipa nafasi tu. Tumemaliza wa mwisho. Akaunti ya kungojea ilikuwa na sifuri. Mwalimu kapita, katazama, kakohoa, kaenda.

Bqnk moja tu leo.

Ijumaa, 27 Oktoba

Mtihani wiki ijayo, Ijumaa. Kungojea sifuri tena. Wa mwisho tena! Miguu bado inatwanga lakini nimeikunja chini ya kiti.

Alhamisi, 2 Novemba

Mama kapiga simu. Karani wa koperative ameshaandaa meza yangu, anasema, karibu na dirisha linalotazama uwanja. Nimwone yeye akianika na yeye anione mimi nikiandika. Nikasema Inshallah nikakata simu haraka.

Mama asiseme mambo kama hayo kabla ya mtihani, jamani.

Ijumaa, 3 Novemba

Naandika nyuma ya karatasi ya rasimu, nitaibandika humu baadaye. Umeme umekatika! Katikati ya mtihani! Mwalimu amemtuma mtu kwenye jenereta na kusema tukae kimya. Basi nakaa. Nikiandika angalau mkono unatembea.

Asubuhi ilianza vizuri. Kampuni ya mtihani ni koperative ya mpunga, ya kutungwa. Kila mmoja na mashine yake, nusu yetu sasa, nusu mchana. Maman Béatrice yuko mbele, naona kisogo chake na kitambaa cha njano. Risiti ziliingia moja moja, vizuri, pole pole. Halafu karatasi ya benki: pesa zimetoka, elfu arobaini na tano, na mimi sina risiti yake. Nikatafuta. Nikapanga upya. Hakuna. Nyuma yangu Delphin akasema kwa sauti kwamba amemaliza. Nikaona uso wa Mama, meza, dirisha. Na vidole vikaenda vyenyewe. Chini kabisa ya orodha. Kungojea. Kijani!

Nikafunga mwezi, nikatoa ripoti, nikahifadhi. Hapo hapo taa zikazimika. Watu wakapiga kelele — ambao hawakuhifadhi wameumia. Mimi nimehifadhi. Nilitaka kucheza.

Mwalimu anasema hivi. Aliyehifadhi anaweza kutoka sasa hivi, kazi yake itasahihishwa kama ilivyo. Anayetaka kuendelea angoje jenereta, lakini atapimwa kwa kitakachokuwa kwenye skrini saa sita. Kiwe kimekamilika au hakijakamilika. Hakuna kurudi nyuma.

Nimejipigia hesabu. Kwa ile moja ya kungojea atanikata, lakini bado nafika sitini na kitu. Sitini! Ninyanyuke tu. Delphin amekwisha kutoka, namsikia anacheka uani. Wengine watatu wametoka.

Lakini giza limenipa kazi mbaya. Nilikuwa nachezea zile risiti, kwa kukosa la kufanya, karibu na dirisha. Ya kumi na sita ni nene. Nimeibandua kwa ukucha. Mbili! Zimeshikana kwenye pini. Ya pili imeandikwa kwa mkono: malipo ya mwezi, Mukabera, mwanika mpunga. Elfu arobaini na tano.

Mukabera hayupo. Mwalimu kamtunga jana usiku labda, akila ugali. Najua! Najua kabisa hayupo.

Ila si suala la kubadilisha jina la akaunti na kwenda zangu. Nikimtoa kwenye kungojea lazima niufungue tena mwezi nilioufunga. Nikiufungua ripoti yote inavunjika. Mshahara una makato ya kodi, ya pensheni, kila kimoja na mahali pake, kisha faida inabadilika, kisha kufunga upya. Nisipowahi saa sita, skrini ni nyekundu, na nyekundu ni Gitambi. Mlango uko wazi. Nimehesabiwa nimepita. Mtu mwenye akili angekuwa nje na mandazi!

Maman Béatrice hajageuka hata mara moja. Naye hakutoka. Amekaa mikono mapajani kama yuko kanisani.

Nimesimama. Mwalimu akaninyooshea mkono apokee karatasi zangu. Nikamwambia nilikuwa najinyoosha mgongo tu. Nimekaa tena. Mbona nimekaa?

Jenereta! Inakohoa, inakufa, inakohoa tena — imeshika. Taa. Mashine zinapiga kelele zao. Mwalimu anafunga mlango. Tumebaki wanne.

Programu inauliza kama kweli nataka kuufungua mwezi uliokwisha kufungwa. Nimebonyeza ndiyo kwa kidole kimoja, kama Maman Béatrice. Kila kitu chekundu. Natazama chini ya meza: mguu umetulia.

Mwalimu anasema kalamu chini, mikono kwenye kibodi. Bon. Mukabera kwanza, halafu makato, halafu